Tangi ni la duara, modeli yako ina kona

Haya jamani, mwezi huu nimefungua barua za wasomaji na nne kati yake zinaumwa ugonjwa mmoja, kila mtu ana kitu cha duara mezani na kila mtu kompyuta imemletea majibu ya vichekesho. Wengine wameshaanza kuitukana programu. Nasema zile programu zinazokata umbo vipande vidogo viitwavyo elementi, vinavyoshikana kwenye vidoti viitwavyo nodi, wavu wote ukiitwa meshi, alafu zinahesabu kila nodi inasogea kiasi gani na mkazo (nguvu kwa kila eneo) ni kiasi gani. Programu mara nyingi haina kosa, shida iko pale unapoiambia kitu kimeshikwa wapi na kinasukumwa kwenda wapi, yaani yale masharti ya mpakani. Boksi lenye pande zilizonyooka unaweka X sifuri, yaani nodi zisisogee kufuata X, unaenda kulala. Duara halikubali hivyo. Barua nimezikata kidogo maana ndugu zangu mnapenda kurefusha kunizidi hata mimi.

Swali: Tangi langu linageuka yai

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne uhandisi mitambo, niko Mbeya. Projekti yangu ni tangi la maji la chuma, nusu kipenyo mita 2, kwenda juu mita 4, pleti ya milimita 6, linajazwa mpaka juu. Natumia FreeCAD kuchora na CalculiX kuhesabu kwa sababu ni za bure. Kompyuta yangu ina memori ndogo kwa hiyo nimekata kipande cha nyuzi 30 tu, kama kipande cha keki. Chini nimeweka X = 0 na Z = 0 maana tangi linakaa juu ya zege na sitaki likimbie, na kwenye zile kata mbili za pembeni nimeweka Y = 0 zote. Likijaa maji kata moja inakaa sawa, nyingine mkazo wake unapanda ajabu. Nikijaribu tangi zima bila kukata, sehemu ya chini inakuwa kama yai. Nimepunguza ukubwa wa elementi mara tatu hakuna kilichobadilika. Msimamizi wangu anasema niongeze meshi tena. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole. Meshi usiiguse kwanza. Kitu kikikataa kubadilika baada ya kupunguza ukubwa wa elementi mara tatu kinakuambia mgonjwa siyo meshi, na bila kumvunjia heshima msimamizi wako, mara ya nne haitaleta muujiza.

Chukua lile tangi zima uliangalie kutoka juu kama uso wa saa ya ukutani, mhimili wa X unaelekea kwenye namba 3. Namba iliyoandikwa nasema, maana saa tatu yetu mshale uko kwenye 9 na hapo tutapotezana. Sasa pale kwenye 3 ukisema X = 0 unaukataza ukuta kwenda nje, yaani kuvimba. Nenda kwenye 12, hapo X ndo mwelekeo wa kuuzunguka ukuta, kwa hiyo sharti lilelile linazuia ukuta usizunguke lakini kuvimba linaruhusu bila shida yoyote. Katikati ya hizo mbili linazuia kidogo hili kidogo lile. Amri moja, na kila nodi imeielewa kivyake! Kwa hiyo chini tangi linabanwa kwenye 3 na 9, linaachiwa kwenye 12 na 6, hilo yai umelitengeneza mwenyewe.

Kipande chako cha keki nacho hivyo hivyo. Kata ya kwanza inalala juu ya mhimili wa X kwa hiyo Y = 0 pale ni sahihi kabisa, ndo maana imekaa sawa. Kata ya pili iko nyuzi 30, na ukuta wa pale ukivimba kwenda nje lazima nusu ya huo msogeo uonekane kwenye Y (sini ya 30 ni nusu, hii ya kidato cha pili). We umesema Y haisogei. Umeukataza ukuta kuvimba alafu unashangaa mkazo umetoka wapi.

Dawa ni kuzigeuza nodi zenyewe zitumie kodineti za silinda badala ya X na Y za dunia nzima. Kwenye faili la CalculiX ni mistari miwili tu:

*TRANSFORM, NSET=UKUTA, TYPE=C
0, 0, 0, 0, 0, 1

Zile namba sita ni pointi mbili za mhimili wa tangi. Baada ya hapo, kwa kila nodi ya kundi UKUTA, mwelekeo wa 1 ni kutoka katikati kwenda nje, wa 2 ni kuzunguka, wa 3 ni kufuata mhimili. FreeCAD kwenye benchi ya FEM (ndo hizi hesabu za elementi) ina kitufe cha kazi hiyo hiyo kinaitwa Transform, programu ya Abaqus inaandika karibu vilevile, watu wa programu ya ANSYS wanatumia NROTAT baada ya kuwasha mfumo wa silinda. Kata zako zote mbili sasa zinapewa mwelekeo wa 2 = 0, basi. Kama unatumia elementi za sheli (siyo sheli ya mafuta, zile elementi nyembamba) ongeza na mizunguko, yaani kata isizunguke kwenye mhimili wa 1 wala wa 3, vinginevyo ukuta unakunjika pale kwenye kata kama mlango wenye bawaba.

Na lile tangi zima ambalo unaogopa litakimbia, chini weka 3 = 0 na 2 = 0, mwelekeo wa 1 uache huru. Tangi haliwezi kuzunguka, haliwezi kuteleza upande wowote maana kuteleza upande mmoja kunahitaji nodi fulani ziende kwa mwelekeo wa kuzunguka, lakini kuvimba linavimba vizuri tu. Mi napenda sana hilo sharti, limeniokoa mara nyingi.

Angalia ule mhimili uwe mhimili kweli wa tangi. Kuna watu wanachora tangi kona moja ikiwa kwenye sifuri, alafu wanaandika 0,0,0 bila kufikiri, na hapo "kwenda nje" inakuwa kwenda sehemu isiyojulikana. Kama una sakafu ya tangi, nodi iliyoko katikati kabisa usiiingize kwenye kundi, pale katikati hakuna "nje", kila upande ni nje. Na kumbuka miwelekeo hii imegandishwa pale nodi ilipoanzia, haizunguki na nodi. Kwa tangi lako linalosogea sehemu ya milimita hiyo siyo hoja, ila mtu anayezungusha ringi nyuzi 10 kwa kuachia tanjenti (mstari unaogusa duara bila kulikata, yaani mwelekeo wa 2) peke yake atakuta nodi zimetoka nje ya duara kwa asilimia 1.5, kwa sababu zilifuata mstari ulionyooka badala ya kuzunguka.

Sasa kabla ya kubonyeza chochote chukua kalamu. Maji mita 4 ni presha ya 39.2 kPa chini kabisa. Mkazo wa kuzunguka ukuta ni presha mara nusu kipenyo gawa unene, inakuja kama MPa 13.1 (MPa moja ni kPa 1000), na ukuta unaovimba huru pale chini utatoka nje kama milimita 0.13. Hizo ndo namba za kushikilia. Ukiubana mguu wa ukuta kabisa, usivimbe wala usiiname, basi pale chini kunatokea kupinda, na kwa silinda nyembamba ya chuma mkazo wa kupinda unafika karibu mara 1.8 ya ule wa kuzunguka, kwako ni kama MPa 23. Kupinda huko kunakufa haraka mno, kipimo chake kwa vipimo vyako ni kama sentimita 8.5, ukipanda sentimita 27 hivi kutoka chini kumeshaisha. Kwa hiyo hapo chini ndipo elementi ziwe ndogo, milimita 20 au pungufu, kule juu tumia hata kubwa hakuna atakayekuuliza. Mguu wako halisi uko kati ya hali hizo mbili, sakafu imechomelewa kwenye ukuta inauvuta kidogo lakini siyo zege. Piga hesabu zote mbili uzionyeshe zote mbili kwenye ripoti, msimamizi atafurahi kuliko meshi ya nne.

Presha nayo iweke kama presha juu ya uso, usigawe kani za X na Y kwenye nodi kwa mkono. Ukiweka presha, programu inatafuta yenyewe mwelekeo wa pembe mraba na uso kila mahali. Ya maji inaongezeka kadiri unavyoshuka, kama huwezi kuandika mlinganyo gawa ukuta pete 20 za sentimita 20 na kila pete uipe presha ya katikati yake, inatosha.

La mwisho kwako, elementi zenye kingo zilizonyooka hazijui duara, zinajua vipande vya mstari. Ukizungusha tangi kwa elementi 12, katikati ya kila kipande mstari unapita ndani ya duara kwa asilimia 3.4 ya nusu kipenyo, kwako ni milimita 68! Ukienda 36 bado ni milimita 7.6, unene wa pleti yako wote na zaidi. Haimaanishi jibu limeharibika kwa kiasi hicho hicho maana nodi zenyewe zimekaa kwenye duara, ila zile bapa zinaanza kupinda kwa presha wakati ukuta wa kweli haupindi. Tumia elementi zenye nodi ya katikati ya ukingo, na hakikisha hiyo nodi imekaa juu ya duara. Elementi za namna hii zilipata umaarufu katikati ya miaka ya 1960, Bruce Irons alikuwa Rolls-Royce kule Uingereza, na mablade ya injini za ndege hayana hata ukingo mmoja ulionyooka, kwa hiyo waliumia mapema kuliko sisi.

Alafu siri moja. Tangi lenye maji tu, bila bomba wala mlango, halina haja hata ya hicho kipande cha keki. Chora mkato mmoja tu wa ukuta, tumia elementi za CAX8 (za vitu vya kuzungushwa kwenye mhimili), CalculiX inajua yenyewe kwamba umezungushwa, na kompyuta yako ya memori ndogo itamaliza kabla hujafunua chupa ya chai. Kipande cha keki kibakize kwa ajili ya siku ya kuweka bomba au mlango.

Swali: Tundu la pini

Asalaam aleikum. Mimi ni dada wa Mombasa, natengeneza michoro kwenye karakana ya maboti. Nina sikio la kunyanyulia, pleti milimita 20, tundu kipenyo milimita 40, linabeba kN 50. Nimeshika uso wote wa ndani wa tundu usiende popote alafu nimevuta mwisho wa pili wa pleti. Mkazo unanionyesha tundu linavutwa pande zote, hata upande ambao pini haigusi. Fundi wetu mzee ameangalia picha akacheka tu akaondoka.

Jibu: Waaleikum salaam dada. Mzee ana haki ya kucheka, umemchorea pini iliyogundishwa kwa gundi. Ukishika uso wote, nusu ya tundu inasukumwa na pini, sawa, lakini nusu ya pili pini inaivuta, na pini gani unayoijua inayovuta? Hata ukitumia ule ushikaji wa silinda unaozuia mwelekeo wa kutoka katikati peke yake, bado nusu ya nyuma inavutwa.

Geuza mambo. Shika pleti kule inakochomelewa, na kwenye tundu weka mzigo kwenye nusu moja tu, presha inayokuwa kubwa pale pini inapolenga na kupungua kwa kosini hadi sifuri ukifika nyuzi 90 kila upande. Kilele chake ni mara mbili ya kani gawa kwa pai, nusu kipenyo na unene, yaani 2 × 50000 gawa (3.14 × 20 × 20), MPa 79.6. Linganisha na ule wastani wa mafundi, kani gawa kipenyo mara unene, 62.5. Ukijumlisha kani zote za hiyo kosini na hupati kN 50 kuna kitu umekosea, huo ndo ukaguzi wa kwanza.

Kosini inafaa pini iliyoingia kwa kubana vizuri. Maboti nayajua kidogo, pini zenu zinacheza ndani ya tundu mpaka unasikia kelele, na pini inayocheza inagusa sehemu nyembamba kwa hiyo kilele cha kweli kinapita hicho cha kosini. Kama unachotaka ni mkazo wa shingo ya sikio au wa ile weldi, kosini imetosha usijichoshe. Kama unataka ukingo wa tundu lenyewe, chora pini, acha nafasi yake halisi, weka mgusano, na uvumilie maana hesabu itachukua muda na itakataa mara mbili tatu kabla ya kukubali.

Swali: Matriksi imekufa

Mwalimu, niko Muscat, nasaidia kwenye ofisi ya michoro. Mpira wa chuma wa gesi, presha ndani, sijaushika popote kwa sababu presha inajisawazisha yenyewe pande zote. Programu inasema matriksi haigeuziki. Nikiushika uso wa nje kwa pembe mraba hesabu inapita lakini mkazo unakuwa karibu na sifuri. Ipi kweli?

Jibu: Hakuna kaka. Ya pili mkazo umekufa kwa sababu umeufungia mpira ndani ya mwamba, hauvimbi, na usipovimba ngozi haivutiki, presha yote imebebwa na ushikaji wako. Ya kwanza ulikuwa na wazo zuri, presha kweli inajisawazisha, ila kompyuta haijui mpira uko wapi angani, unaweza kuhama njia tatu na kuzunguka njia tatu bila kugharimu nguvu yoyote (ndo maana matriksi, yaani jedwali lake la milinganyo, imekataa), na hizo sita lazima uzifunge.

Kata moja ya nane ya mpira, kila kata kati ya tatu ipewe sifuri kwenye mwelekeo wake wa pembe mraba, kata hizo zimenyooka kwa hiyo X, Y na Z za kawaida zinatosha. Au kama unataka mpira mzima chagua nodi tatu zilizo mbalimbali na zisizo kwenye mstari mmoja, ya kwanza ishike njia tatu, ya pili njia mbili, ya tatu moja, ukichagua njia zinazozuia mzunguko kweli. Ukimaliza soma kani za pale uliposhika. Ziwe sifuri au vumbi tu. Zikiwa kubwa umemshika mtu asiyetaka kushikwa. Na mkazo wa ngozi uwe presha mara nusu kipenyo gawa unene mara mbili, nusu ya ule wa kuzunguka silinda yenye vipimo hivyo hivyo.

Swali: Pembe zikizidi, kosa linabaki

Habari ya kazi mwalimu. Niko Nairobi, kampuni yetu ndogo inatengeneza mifuniko ya chemba. Mfuniko ni pleti ya duara, nusu kipenyo milimita 300, unene 10, umelala tu juu ya fremu, haujafungwa. Nimeweka presha ya 50 kPa uso mzima, kama tani moja na nusu hivi kwa jumla. Kwa fomula ya kitabu katikati inashuka milimita 1.41. Mchoro niliopewa duara lilikuwa limegeuzwa mistari 24 iliyonyooka, nikaweka meshi laini sana ndani, kila upande nikauambia usishuke na pia usiiname kwa urefu wake, nikapata 1.01. Nikasema ni kwa sababu ya pembe chache, nikachora 48 nikapata 1.03. Nikachora 96, 1.04. Inaonekana inatulia hapo, na siyo 1.41. Kitabu kimekosea?

Jibu: Dada, nimesoma barua yako mara mbili nikasimama nikaenda kumsomea mwenzangu wa meza ya pili. Kitabu hakijakosea. Umeangukia mtego ambao una jina, unaitwa kitendawili cha Babuška. Ivo Babuška alikuwa mwanahisabati wa Prague, kwenye miaka ya 1950 aliongoza hesabu za zege la bwawa la Orlík kwao kule, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaonyesha hiki hiki unachokiona, kwamba ukiweka pleti iliyoegemea pembeni kwenye poligoni (umbo la pande nyingi zilizonyooka), ukaongeza pande bila mwisho mpaka poligoni iwe duara kwa macho, jibu halifiki kwenye jibu la duara. Linafika mahali pengine. Alihamia Marekani 1968 na akaendelea na hizi hesabu mpaka uzeeni, alifariki 2023.

Angalia kinachotokea kwenye kona moja. Upande wa kushoto umekatazwa kuinama kwa urefu wake, upande wa kulia vilevile, na kona ni ya pande zote mbili. Pande hizo haziko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kona imekatazwa kuinama kwenye miwelekeo miwili tofauti, na kitu kilichokatazwa miwili hakiinami kabisa. Kona imebanwa. Ukienda 48 una kona 48 zilizobanwa, ukienda 96 ndo hivyo. Kila unavyoikaribia duara kwa umbo unazidi kupanda misumari pembeni, na hata usingeandika lile sharti la kuinama, kwenye pleti nyembamba ya hesabu za kitabu lingejiandika lenyewe, kwa sababu mstari ulionyooka usioshuka popote hauwezi kuinama kwa urefu wake.

Kwa namba iko hivi. Kizio chetu kiwe presha mara nusu kipenyo kwa nguvu ya nne, gawa 64D, ambapo D ni ugumu wa pleti, kwako kizio hicho ni milimita 0.3455. Duara lililobanwa pembeni linashuka kizio kimoja. Duara lililoegemea tu linashuka (5 + ν)/(1 + ν), ambapo ν ni uwiano wa Poisson, yaani chuma kikivutwa upande mmoja kinasinyaa kiasi gani upande wa pili, na kwa chuma chenye ν ya 0.3 ni vizio 4.08, hapo ndo 1.41 yako. Poligoni yenye pande zisizo na mwisho inatulia kwenye vizio 3 kamili, yaani 1.04, na ndipo ulipofika. Pungufu kwa asilimia 26, na upungufu wenyewe ni wa upande mbaya, modeli inakuambia mfuniko ni mgumu kuliko ulivyo. Kinachopotea ni ule upinde wa ukingo. Kwenye duara ukingo ukizunguka kidogo kwenda chini lazima pia ujikunje kwa kuzunguka, ν inaingia hapo, na ukingo ulionyooka hauna huo mkunjo hata uwe mfupi kiasi gani.

Kwa hiyo mchoro wa mistari utupe, chora duara la kweli. Weka kodineti za silinda kwenye nodi za ukingo kama nilivyomwelezea yule kijana wa tangi, mhimili upite katikati ya mfuniko. Kila nodi ya ukingo ishike kushuka peke yake, mizunguko yote iache huru, tumia elementi za pleti zinazohesabu na mkato wa unene (tabaka za unene kuteleza kidogo moja juu ya nyingine). Ukitaka sana kuzuia kuinama kwa urefu wa ukingo, zuia kwa tanjenti ya duara lenyewe pale kwenye nodi, mwelekeo mmoja kwa nodi moja, siyo kwa upande wa kushoto na upande wa kulia. Na umzuie mfuniko usiteleze juu ya fremu, kama yule wa Muscat, nodi chache zinatosha.

Au fanya kama siri niliyompa mwanafunzi, mkato mmoja uliozungushwa, hapo ukingo uliopinda haupo kabisa kwenye modeli na kitendawili hakina pa kuingilia. Ila hiyo ni kwa presha ya uso mzima. Gurudumu la lori halikai katikati kwa heshima, linapita pembeni, na likikanyaga pembeni upande wa pili wa mfuniko unataka kunyanyuka, wakati modeli yako inaushikilia usinyanyuke. Fremu inasukuma juu, haivuti chini. Kwa mzigo huo utahitaji mfuniko mzima na ushikaji unaosukuma tu, na soma kani za ukingo, popote zilipogeuka ishara ujue pale mfuniko wako unapiga kelele usiku magari yakipita.

Anza na presha ya uso mzima kwanza. Ukingo ukiwa duara la kweli na mizunguko ikiwa huru, katikati isome 1.41 au jirani yake kabisa. Ikisoma 0.35 umebana mizunguko yote bila kujua. Ikikataa na kubaki 1.04, nitumie faili lenyewe.